Jina la Bibi Kwenye Shuka

"Kwa heshima na taadhima, umma wote unatangaziwa kwamba Jumamosi hii, saa nane kamili mchana, Jumba Kuu la Sinema litafungua milango yake kwa mara ya kwanza katika historia. Mabalozi, majenerali na wageni wengine waalikwa wanaombwa kuketi mapema. Ni marufuku kuingia na viatu vyenye tope."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa choo, kwa sababu hapo ndipo mahali pekee ambapo kila mtu wa nyumba ile alilazimika kufika. Jumba Kuu lenyewe lilikuwa sebule. Mabalozi walikuwa Bibi pamoja na mtoto wa miaka saba aliyeitwa Kifungo tangu siku alipomeza kifungo cha koti la baba yake. Mtangazaji alikuwa dada yake Kifungo, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni akiwa na sanduku la nguo chafu na maneno makubwa kumzidi umri. Nyumbani walimwita Mheshimiwa. Yeye alidhani wanamsifu.

Siku za likizo zilifanana. Asubuhi Mama, ambaye ni muuguzi, aliondoka kwenda zamu. Baba, mpima ardhi, alibeba vigingi na futi yake ndefu akaenda kupima viwanja vya watu. Kifungo aliangalia katuni. Mheshimiwa alifagia, akaosha vyombo, kisha akajilaza kwenye kochi na kutazama dari. Dari ilikuwa na doa la maji lililofanana na mwanamke aliyevaa gauni refu, na ukilitazama kwa muda mrefu bila kupepesa macho, gauni lilianza kupepea. Mheshimiwa aliweza kukaa hapo hata saa nzima, mbali kabisa na dunia ya sufuria.

Bibi alifika Alhamisi na mkoba mmoja. Ndani ya mkoba, kati ya kitana na dawa zake, kulikuwa na diski.

Ujanani mwake Bibi alikuwa mshonaji. Aliwahi kushona mavazi yote ya filamu moja, mavazi arobaini na mawili, kwa cherehani ya kukanyaga, likiwemo gauni la buluu ambalo mwigizaji alilivaa akiwa amesimama stesheni, upepo ukimvuma. Filamu ilipotoka, Bibi alikata tiketi, akaketi safu ya mbele. Alijua mwishoni majina ya waliofanya kazi yatapita, na jina lake limo.

"Halafu?" Kifungo aliuliza, ingawa alikuwa amekisikia kisa hicho zaidi ya mara kumi.

"Halafu taa zikawashwa," Bibi alisema. "Watu wote wakasimama mbele yangu kama ukuta. Nikasikia pazia linavutwa. Nilipopata upenyo wa kuchungulia, wenzenu walishafunga duka."

Filamu ile haikuonyeshwa tena kwa miaka mingi. Sasa taasisi inayohifadhi filamu za zamani ilikuwa imeisafisha na kuiweka kwenye diski ya blu-rei, zile diski ambazo picha yake ni safi hata unyoya unauona. Wakamtumia Bibi moja, pamoja na barua. Lakini macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu. Kwenye televisheni herufi zilimkimbia kama sisimizi. Jumatatu angefanyiwa upasuaji wa macho katika hospitali ya mjini kwake, na daktari hakumficha: huenda ukungu ukatoka, huenda usitoke. Basi lake lilikuwa Jumamosi saa kumi na nusu jioni. Kabla ya hapo, alitaka alione jina lake likiwa kubwa.

"Nisomee hiyo barua, mjukuu wangu," Bibi alimwambia Mheshimiwa jioni ya Alhamisi.

Mheshimiwa aliipitia barua kwa macho, mstari wa kwanza na wa mwisho. "Wanakusalimu, Bibi. Wanakushukuru kwa kazi yako."

"Karatasi nzima hiyo ni salamu tu?"

"Ni watu wenye adabu sana, Bibi."

Bibi aliikunja barua, akairudisha mkobani.

Baba aliazima projekta ya ofisini, ile ya kuonyeshea ramani. Bibi alishona mashuka mawili meupe yakawa moja, mshono wake ukiwa mwembamba hata kidole kiliupita bila kuuona, likatundikwa ukutani. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa na sehemu ya kuingizia diski za blu-rei. Kilichobaki kilikuwa programu ya kuichezesha, na hapo Mheshimiwa alijitolea kwa hotuba fupi kuhusu ujuzi wake.

"Kuna programu za bure na za kulipia, Baba," alisema. "Za kulipia ndizo nzuri."

"Nani kasema?"

"Zinalipiwa, Baba."

Baba alicheka kwa pua. Alichukua karatasi na rula, akachora jedwali. Juu aliandika "ya bure" upande mmoja na "ya kulipia" upande wa pili. Pembeni akaandika mambo ya kujaribiwa: inafungua diski ya Bibi, picha, sauti, katikati ya filamu, mwisho wa filamu. Huo mwisho aliupigia mstari.

"Kesho nashinda shambani huko ng'ambo ya kilima," alisema. "Wewe chukua diski ya Bibi, ijaribu kwa programu zote mbili, tangu mwanzo hadi mwisho. Ikionekana ya kulipia inahitajika, usiku uniambie nilipie. Mimi nikipima kiwanja, napima mara mbili. Ukipima mara moja umekisia tu."

"Nimekuelewa, Baba," alisema Mheshimiwa, akapiga saluti.

Sasa ni lazima tuitaje sayansi moja inayofundishwa katika mabweni, ingawa haimo katika mtaala. Katika bweni la Mheshimiwa, mlangoni hutundikwa jedwali la usafi: kufagia, kupiga deki, kufuta madirisha, siku kwa siku. Kila aliyefanya kazi huweka alama ya vema. Wasichana wale walikuwa na utaratibu wao. Jumatatu asubuhi walikaa pamoja wakaweka vema za wiki nzima, kwa kalamu mbili tofauti, ili zionekane za siku mbalimbali. Baada ya hapo bweni lilihesabiwa kuwa safi, na aliyetaka kufagia alifagia.

Ijumaa Bibi alikuwa amejilaza na mkoba wake uko chini ya mto. Mheshimiwa angeweza kugonga mlango na kuomba diski. Aliona ni usumbufu. Akachukua diski ya katuni ya Kifungo, iliyonunuliwa dukani, akaijaribu kwa programu ya bure. Programu ikajibu kwa ufupi kwamba diski ina kufuli na yenyewe haina ufunguo. Basi. Akaweka mkasi, ile alama ya kukosa, upande wote wa bure, mikasi mitano.

Kisha akapakua toleo la majaribio la programu ya kulipia. Hiyo ilifunguka kwa madaha, ikiwa na menyu inayong'aa na muziki wa kukaribisha wageni. Sungura wa katuni alitokea kwenye shuka, mkubwa kama kabati. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Mwanga wa projekta ulipita chumbani kama mto mwembamba, na vumbi liliogelea ndani yake polepole. Mheshimiwa alilitazama vumbi lile. Punde likawa theluji, likawa umati wa watu wanaopiga makofi, na yeye yuko jukwaani na gauni la buluu, akishukuru kwa unyenyekevu. Baada ya dakika kama kumi alizinduka, akazima kila kitu. Akaweka vema tano upande wa kulipia, tatu kwa kalamu ya buluu, mbili kwa nyeusi.

Usiku Baba alilitazama jedwali. "Kwa hiyo nilipie?"

"Hapana, Baba. Toleo la majaribio ni la siku thelathini. Tunapata mambo ya kulipia, na hatulipi."

"Na mwisho umeufikia? Umeyaona majina?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu: sijajaribu. Ni neno jepesi, halina hata herufi ngumu. Mheshimiwa alilihisi likiwa ulimini, akalimeza kama ndugu yake alivyomeza kifungo.

"Yote yapo kwenye jedwali, Baba," alisema.

Jumamosi saa nane kamili, Baba akiwa amerudi ng'ambo ya kilima na Mama akiwa zamu, Jumba Kuu lilifunguliwa. Madirisha yalizibwa kwa blanketi. Mchana wa nje ukabaki uzi mmoja wa mwanga chini ya mlango. Bibi aliketi kiti cha mbele, amevaa nguo yake nzuri, mkoba magotini. Mheshimiwa alitoa hotuba ya ufunguzi, fupi, ya dakika tano hivi, akiwashukuru watu wote waliostahili. Kisha akaingiza diski.

Filamu ikaanza. Treni ilitoka kwenye ukungu, na sebule ile ndogo ikajaa moshi na ukimya. Bibi hakuona nyuso vizuri, lakini nguo alizitambua zote kwa rangi na kwa jinsi zilivyotembea.

"Lile koti la kahawia," alinong'ona, "kwapa lake nililifumua mara tatu. Jamaa alikuwa na mabega kama mlango." Na baadaye, "Hao watoto sita wote wamevaa pazia moja. Kitambaa kilituishia."

Kifungo alikuwa amelala chali miguuni pake, mdomo wazi. Mheshimiwa mwenyewe alisahau kuwa mheshimiwa. Stesheni ilitokea kwenye shuka, jukwaa lake tupu, upepo ukisukuma karatasi. Mlango wa behewa ulifunguka. Ukaonekana upindo wa gauni la buluu.

Picha ikakwama. Katikati ya shuka likatokea sanduku la kijivu lenye maandishi: toleo la majaribio huonyesha dakika ishirini za kila diski, ili kuendelea, weka namba ya leseni.

"Ni mapumziko?" Kifungo aliuliza.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika arobaini na tatu. Mheshimiwa alifunga programu, akaifungua tena. Treni ikaanza upya kutoka kwenye ukungu, na kitufe cha kuruka mbele kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki. Alimpigia Baba simu. Haipatikani. Alipiga mara nne, na kila mara mama yule wa kwenye simu alimjibu kwa upole uleule.

"Dada, si ulisema umeijaribu?" Kifungo alisema.

"Nyamaza wewe."

"Ulisema lakini."

Bibi aligeuka kwenye kiti. Katika mwanga wa kijivu macho yake yalionekana kama vioo vyenye mvuke. "Njoo hapa, mama," alisema. "Umeijaribu au hukuijaribu?"

Mheshimiwa aliwaza majibu matatu, na yote yalikuwa mazuri. La kwanza lilikuwa umeme. La pili lilikuwa kompyuta. La tatu lilikuwa Kifungo. Lakini Bibi alikuwa amemshika mkono, na vidole vyake vya ushonaji, vyenye sugu nchani, vilikuwa vinangoja.

"Sijajaribu, Bibi," alisema. "Nilijaribu katuni ya Kifungo. Dakika kumi. Diski yako sikuigusa. Vema nilijiwekea tu."

"Na ile barua yangu?"

"Nilisoma mwanzo na mwisho."

"Basi leo tusomee katikati," alisema Bibi, akafungua mkoba.

Mheshimiwa alipiga magoti mbele ya projekta, barua akaiweka kwenye mwanga wake. Salamu zilikuwapo, kweli, mistari miwili. Kisha taasisi ilieleza kwamba diski za dukani hufungwa kwa kufuli ili zisinakiliwe, na programu za kulipia hununua haki ya kuwa na ufunguo. "Lakini hii yako, Mama, hatukuifunga," waliandika. "Tunataka walioitengeneza waione bila kikwazo. Programu yoyote itaicheza, hata ya bure."

Programu ya bure ilikuwa bado ndani ya kompyuta, imekaa pembeni na mikasi yake mitano. Mheshimiwa aliifungua. Haikuwa na muziki wala menyu inayong'aa, ila dirisha jeusi na mstari wa kusogeza filamu. Sauti ilipotea kwanza, akahangaika mpaka akakuta imeelekezwa kwenye spika isiyokuwapo. Picha ilipokaa sawa, saa tisa na robo ilikuwa imepita. Baba angefika saa kumi kasorobo kumpeleka Bibi kituoni. Filamu iliyobaki ilikuwa na zaidi ya saa nzima.

"Haitoshi, Bibi," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Tukiangalia yote, mwisho hutauona."

Bibi alifikiri. "Nipe gauni," alisema. "Gauni likishapita, unipeleke mwisho."

Kwa hiyo mlango wa behewa ukafunguka kwa mara ya pili, na mwanamke akashuka. Upepo ulilijaza gauni, likaenea karibu shuka zima, hata ukuta, kochi na uso wa Bibi vikawa vya buluu. Bibi alisogeza mguu wake taratibu, juu, chini, kama anakanyaga cherehani.

Kisha Mheshimiwa alisogeza mstari. Mwaka mzima wa maisha ya watu wale ukapita kwa kufumba na kufumbua, harusi, ugomvi, mvua, na treni ikaondoka kurudi kwenye ukungu wake. Giza. Majina yakaanza kupanda.

Kifungo, aliyefundishwa kwamba filamu ikiisha watu hufungua madirisha, aliinuka na kushika blanketi.

"Usiguse," Mheshimiwa alisema. "Kaa chini. Asisimame mtu."

Yalipanda majina ya waigizaji, ya wapiga picha, ya fundi taa. Likaja neno "Mavazi", na chini yake majina matatu ya Bibi, kila herufi kubwa kama dirisha. Mheshimiwa alibonyeza kitufe. Picha ikatulia.

Bibi aliinuka peke yake. Alikwenda hadi kwenye shuka na kuinua mkono, na herufi ya kwanza ya jina lake ikamwangukia kiganjani. Akaipitisha herufi hiyo kwenye mkono mwingine, kisha ya pili, kisha ya tatu, akizisoma kwa sauti ya chini kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Wamelipatia," alisema. "Niliogopa watakosea."

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa na Baba akaingia, buti zake zina tope kinyume cha tangazo. Alimkuta mama yake amesimama mbele ya jina lake, na binti yake amekaa sakafuni analia kimyakimya. Mheshimiwa hakungoja kuulizwa. Alimpa jedwali mkononi, akasema yote: katuni, kalamu mbili, dakika kumi, barua.

Baba alilitazama jedwali, kisha akachuchumaa karibu yake.

"Sikiliza, mwanangu. Programu ya kulipia haikukosea. Ilikwambia masharti yake, hukuyasoma. Kwa diski ya Kifungo, hiyo ndiyo inayofaa, na ningeilipia kwa moyo mweupe. Ya bure nayo haikuwa mbovu. Kuna watu waliitengeneza kwa jasho lao wakatupa, nawe ukaipiga mikasi bila kuipa nafasi. Kulipa au kutolipa si kipimo. Kipimo ni kuijaribu kwa kazi unayotaka ikufanyie. Na ukiwa hujajaribu, sema hujajaribu. Ungeniambia jana, tungekuwa na usiku kucha wa kurekebisha. Vema ya uongo imemnyima bibi yako saa nzima ya filamu."

"Nitaiona nikirudi," alisema Bibi, akifunga mkoba. "Macho yakikubali. Na yasipokubali, huyu atakaa pembeni yangu anisimulie nguo moja baada ya nyingine. Bila kuruka."

Upasuaji ulikwenda vizuri kwa jicho moja, na jicho moja, Bibi alisema kwenye simu, linatosha kutunga uzi. Kabla shule hazijafunguliwa, Mheshimiwa alichora jedwali jipya, akajaribu programu zote mbili kwa diski zote mbili, mwanzo hadi mwisho. Alitumia kalamu moja. Shuleni alipewa kazi ya kutunza jedwali la usafi wa bweni, na wenzake hawajamsamehe mpaka leo.

Kisa hiki kilikuwa kimeishia hapo. Lakini kabla ya kukituma kwa mwalimu wa insha, kilipelekwa kwa Baba akikague, naye alikisoma mara mbili, penseli mkononi. Alisimama kwenye ile hotuba ya ufunguzi.

"Filamu ilianza baada ya hotuba," alisema. "Hotuba ilianza saa nane kamili. Programu ilisimama baada ya dakika ishirini, ikawa saa nane na dakika arobaini na tatu. Hotuba ilichukua muda gani?"

Mwandishi alianza kuhesabu kwa vidole.

"Hapa pameandikwa tano," alisema Baba.

Ilichukua dakika ishirini na tatu. Nilimshukuru mpaka fundi bomba. Mheshimiwa ni mimi, na zile dakika tano sikuwa nimezipima.